Watu wa Naima Hawana Mikono

Watu wote aliowachora Naima walionekana wanasikia baridi. Wanaume walitia mikono mifukoni. Wanawake waliificha chini ya khanga. Watoto waliipeleka nyuma ya mgongo kama wanaoficha andazi la wizi. Na kama hapakuwa na mfuko wala khanga wala mgongo wa kutosha, lilitokea gunia la viazi, au mbuzi, au ukuta mfupi, likasimama mbele ya mtu pale pale viganja vilipotakiwa kuanza.

Hakuna aliyeona ajabu. Naima aliishi mtaa wa Soweto, na Mbeya ya mwezi wa sita si mahali pa kutoa mkono mfukoni bila sababu. Kinyume chake, alisifiwa. Wateja waliokuja dukani kwa baba yake, Mzee Faraji, kununua khanga na vitenge, walioneshwa picha kwenye kishikwambi, wakatikisa kichwa wakasema, “Mashaallah, binti ana mkono mzuri.” Mkono ndicho kitu pekee ambacho picha hizo hazikuwa nacho.

Mama yake, Bibie, aliona jambo kubwa zaidi. “Picha za mwanangu zina stara,” aliwaambia majirani. “Hata kiganja hukioni.”

Ukweli wenyewe haukuwa na stara wala baridi. Naima alijifunza kuchora mwenyewe, kwa kutazama video na kukodoa macho, na zamani hizo aliwahi kuchora mkono mmoja wa muuza nyanya. Ulitoka tangawizi. Haukufanana na tangawizi. Ulikuwa tangawizi kamili, ungeupeleka soko la Mwanjelwa ungepimwa kwenye mizani na kuuzwa. Aliufuta. Programu za kuchorea zina kitufe cha kurudi nyuma, rehema ambayo sisi wengine hatukupewa katika mambo yetu. Tangu siku hiyo mikono ya watu wa Naima ikawa na shughuli mahali pengine.

Nyuso, tuseme haki, alizijua. Angeweza kukuchorea mwanamke anayesikiliza uongo kwa adabu, na ungemtambua kuwa ni shangazi yako. Kwa nyuso hizo aliingia kwenye kikundi cha simu cha wachoraji kilichoitwa Brashi za Kusini, chenye wanachama kutoka Tukuyu mpaka Iringa, kikiongozwa na Ombeni wa Ilomba, kijana mpole aliyechora magari ya mashindano na kitu kingine hapana. Ombeni alikiwekea kikundi sheria moja, akaibandika juu kabisa: *Huna la kusifia, pita kimya kimya. Hatuvunjani moyo hapa.* Kwa hiyo watu walisifiana. Ukiweka picha asubuhi, adhuhuri umeshaambiwa umetisha, ni hatari, ni kali, na moto umewashwa kila mahali. Hakuna aliyewahi kuvunjika moyo Brashi za Kusini. Hakuna pia aliyewahi kuchora vizuri zaidi ya alivyoingia.

Halafu likaja jambo la kitabu.

Nyumba moja ya uchapishaji huko Iringa ilitafuta mchoraji wa kitabu cha kusoma cha shule za msingi, hadithi ya msichana wa Rujewa na familia yake inayolima mpunga. Naima alikitaka kitabu hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu. Maisha yake yote alikuwa binti wa dukani, anayepima kitambaa kwa fimbo ya mita na kukikunja. Duka la baba, mzigo wa mjomba, wateja wa mama. Kitabu kingekuwa na jina lake ndani, limepigwa chapa, na watoto wa Mtwara na Kigoma ambao hawatajua duka liko wapi wangelisoma. Akatuma picha ya majaribio: shamba la mpunga, maji yanang’aa, msichana na mama yake wameinama wanapandikiza, baba amesimama kwenye tuta. Nyuso tatu nzuri kabisa.

Majibu yaliandikwa na mhariri aitwaye Dastan. “Kazi nzuri sana, dada Naima. Tutakutafuta.”

*Tutakutafuta* ni neno ambalo halijawahi kumtafuta mtu. Naima alilisoma akiwa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa. Hasira zake hazikuwa za makelele. Zilitoka kwa kukunja. Alichukua jora la kitenge akalikunjua, akalikunja upya, akalipiga kofi, akachukua lingine.

“Kitambaa hicho kimekukosea nini?” mama yake aliuliza.

“Wamesema nzuri sana.”

“Alhamdulillahi.”

“Hawajanichukua, Mama.”

Bibie alifikiri. “Sasa kama ni nzuri sana...”

“Ndiyo hilo!” Jora likapigwa kofi jingine. “Ndiyo hilo ninalouliza!”

“Hasidi huyo,” alisema Mzee Faraji kutoka kwenye kiti chake mlangoni, bila kugeuka. Kwa Mzee Faraji mvua ikichelewa ni hasidi.

Naima aliiweka picha ile kikundini na kueleza yaliyomkuta. Moto ukawashwa. *Kali sana dada. Hao hawajui sanaa. Riziki haina haraka. Wewe endelea hivyo hivyo.* Akawa anasoma huku anapoa kidogo kidogo, mpaka ulipotokea ujumbe wa mtu aliyekuwa hajawahi kusema neno humo, mwanamke wa Iringa aitwaye Esnath.

“Naomba kuuliza. Hapa ni Rujewa, na Rujewa ni joto. Msichana mikono imezama kwenye maji. Mama yake imezama. Baba yuko kwenye tuta, kavu, na mikono ipo mfukoni. Humo mfukoni kuna nini?”

Wanachama wakaanza. Mmoja akamwambia aweke na yeye picha tuone. Mwingine akasema wivu ni kidonda. Ombeni, kwa masikitiko, akamkumbusha sheria ya kikundi, na kabla hajajibu akamtoa.

Ingetosha. Naima alikuwa amelindwa, ameliwazwa, na adui amefukuzwa. Lakini swali lilibaki limekaa pale, *humo mfukoni kuna nini*, na kila alipolisoma lilimchoma upya. Akaitoa namba akapiga.

“Nani mwenzangu?” sauti ilisema.

“Naima. Wa Mbeya.”

“Aa, Naima wa mfukoni.”

“Wewe dada, nimekukosea nini? Mbele ya watu wote?”

“Nimeuliza tu.”

“Wewe mwenyewe umechora nini cha maana maishani mwako?”

“Viungo vya Mwili,” Esnath alisema.

“Nini?”

“Chati ya ukutani. Ya chekechea. *Kichwa, bega, mkono, goti.* Ukiona mtoto amevaa kaptula ya bluu anapunga mkono, huyo ni wangu.”

Naima alimjua mtoto huyo. Alikuwa ukutani kwa dada yake, na pengine nusu ya kuta za chekechea za nyanda za juu. Alikuwa anapunga mkono, vidole vimeachana, na mkono ulikuwa mkono. Hilo lilimkasirisha kuliko yote yaliyotangulia.

“Sikiliza,” Esnath akaendelea, “tafuta mkono mmoja kwenye picha zako. Mmoja tu. Ukiupata nakuomba radhi kikundini.”

“Umeshatolewa kikundini.”

“Nitapiga magoti kwa Ombeni anirudishe.”

Naima alikata simu na kufungua picha zake zote, za miaka yote, ili amnyamazishe mtu huyu kwa picha moja. Alipita harusi, mikono chini ya ushungi. Alipita msikiti, mikono kwenye kanzu. Soko, magunia. Mvua, makoti. Alizidi kupita, na kadiri alivyopita ndivyo uso wake ulivyozidi kupata moto, kama mtu anayejipapasa mifukoni mbele ya kondakta. Mwishowe akapata! Golikipa, amenyoosha mikono yote miwili juu, anadaka. Akamtumia Esnath kwa fahari.

Jibu lilikuwa na maneno mawili. “Hizo glavu.”

Siku ile alikunja vitambaa vya duka zima. Baba yake alidhani ni usafi wa kabla ya mfungo akamshukuru. Alipomaliza alimwandikia Esnath: “Sasa unataka nifanye nini?” Kwa mtu wa hulka ya Naima, hayo yalikuwa maombi na machozi.

Esnath alitaka mikono. Kila siku, ukurasa mmoja wa mikono, asichore kitu kingine chochote: hakuna nyuso, hakuna mandhari, hakuna kukimbilia mahali anapojua. Achore kutoka kwa mtu aliye hai, si kutoka kwenye kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa tangawizi. Atume. Na asifute, kitufe cha kurudi nyuma akisahau kwa muda.

Mtu hai aliyekuwa karibu ni Bibie.

“Mama, usitikisike.”

“Nipime kitambaa bila kutikisika? Mteja yule pale amesimama.”

“Shika mita. Hivyo hivyo. Usikaze kidole.”

“Mteja, samahani, binti yangu ananichora vidole. Kabla ya hapo alikuwa na stara.”

Kurasa zilirudi kutoka Iringa zimejaa mistari myekundu. Mstari juu ya kidole, mshale kwenye kifundo, na maneno ambayo Naima aliyachukia kwa sababu hayakuwa na hata neno moja la kubishia. *Kidole gumba hakioti kwenye kidole cha shahada. Fuata mpaka kwenye kifundo uone kinakotoka.* Siku ya pili: *Kiganja ni kipande cha sabuni ya mche, kina unene. Wewe umechora karatasi. Chora sabuni kwanza, ndipo upachike vidole.* Siku iliyofuata: *Kidole kina pingili kama muwa. Kinakunjika kwenye pingili tu. Chako kinakunjika popote kinapojisikia.*

Ilimchukua muda kuona kwamba katika kila ukurasa palikuwa na duara moja la kijani, dogo, mahali ambapo kitu kilikuwa sawa. *Uzito hapa ni wa kweli. Umefanyaje? Rudia.* Halikuwa hongera. Hongera inakufungia mlango kwa nje na kukutakia usiku mwema. Duara lile la kijani lilimwambia arudi kesho. Naima alilitafuta kwanza kila ukurasa uliporudi, na akakasirika kwa kulitafuta.

“Kwani huwezi kusema tu ni nzuri?” alimfokea Esnath kwenye simu siku moja. “Mara moja! Ulimi utakatika?”

“Ukitaka nzuri rudi kwa Ombeni. Anazo nyingi.”

Hasira ilikuwa na faida yake. Mtu mpole angeacha baada ya wiki, akijisemea si fungu lake. Naima hakuweza kuacha, kwa sababu kuacha kungekuwa kumpa Esnath haki. Alichora mikono ya baba yake ikihesabu tasbihi, ya fundi cherehani jirani, ya mteja akikwaruza kitenge kuona kama rangi inatoka. Mikono ile ilianza kuwa ya watu. Mama yake alitazama ukurasa mmoja, akasema, “Huu wangu. Ndio huo wenye jeraha la kisu.” Hakusema mashaallah. Naima aliona hiyo ndiyo sifa ya kwanza aliyopata maishani.

Ndipo Esnath alipomwambia: kile kitabu bado hakina mchoraji. Waliyempa kazi alikuwa ameijaza Rujewa minazi.

Naima alikwenda Rujewa mwenyewe. Akasimama kwenye tuta jua likimpiga, kishikwambi mkononi, viatu vimejaa tope, akitazama wanawake wanapandikiza. Na pale alishikwa na hasira mpya, safari hii bila mtu wa kuielekezea. Mkono mmoja unaingia kwenye maji, ndiyo, kwa kitambo cha kupepesa jicho. Lakini ule wa kushoto hauzami kabisa! Uko juu muda wote, umeshika kicha cha miche, kidole gumba kinasukuma miche miwili mitatu kuupa ule wa kulia, kama mtu anayegawa karata. Kazi yote ya mpunga iko kwenye mkono ule. Picha yake ya kwanza, ile ya nzuri sana, ilikuwa imezamisha kitu kilichofanya picha iwepo.

“Dada,” mwanamke mmoja alimwita bila kuinuka, “umekuja kutuchora au kutuhesabu vidole?”

“Vyote.”

“Basi chora huku unapandikiza, tuone kama utachora.”

Wenzake wakacheka mpaka mstari wa miche ukapinda. Naima alichora mkono wa kushoto, na mwingine, na mwingine, mpaka kalamu ikaanza kuteleza kwa jasho.

Iringa alipokelewa na Esnath kituoni. Walikuwa hawajawahi kuonana. Esnath alikuwa mfupi, mnene kidogo, na uso mpole usiolingana kabisa na mistari yake myekundu.

“Kamwene,” alisema.

“Usinisalimie kwa upole,” Naima akajibu. “Nimezoea vingine.”

Ofisi ya Dastan ilikuwa na meza, vitabu, na Dastan, mwanamume mstaarabu mwenye sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Aliipokea picha mpya. Shamba lile lile, watu wale wale watatu. Msichana ameinua kicha cha miche mkono wa kushoto, mama yake anamwonesha kidole kinavyosukuma, na baba, masikini, hatimaye ametoa mikono mfukoni na kuikunjia kifuani. Dastan aliitazama kwa muda.

“Nzuri sana, dada Naima.”

Naima aliinuka kwenye kiti.

“Mara ya kwanza uliniambia nzuri sana.”

“Ndiyo, ilikuwa...”

“Nzuri sana ya leo na nzuri sana ya siku ile zina tofauti gani? Nioneshe. Ziweke mezani nizione.”

Dastan alimtazama Esnath kuomba msaada. Esnath alikuwa anasoma jalada la kitabu kwa makini makubwa.

“Dada yangu,” Dastan alisema, “siku ile... mikono, kusema kweli, haikuwepo. Tuliona wote hapa ofisini. Tulikuwa hata tunaiita, kwa utani tu, ile ya wasio na mikono.”

“Mliona.”

“Tuliona.”

“Wote.”

“Sasa mtu ametuma kazi yake kwa moyo mmoja. Ningemwambiaje? Nisingependa kukuvunja moyo.”

“Moyo wangu si sahani ya udongo, kaka Dastan!” Mtu wa chumba cha pili aliacha kuchapa. “Mmekaa hapa mmecheka, mkanifungia mlango, mkanipa na pipi mkononi. Mkono ambao mlijua sina! Nimekwenda nyumbani sijui kosa langu. Ningekaa miaka kumi sijui. Ungeniambia neno moja, *mikono*, silabi tatu, ungekufa?” Kisha akageuka. “Na wewe. Ulijua wanacheka?”

“Nilikuwa hapa nimeleta chati,” Esnath alisema, “nikaisikia. Ndiyo maana niliuliza kule kikundini.”

Naima alifungua mdomo kumalizia hasira, akakuta haina pa kwenda upande ule. Akaketi. Akaisukuma picha mpaka mbele ya Dastan.

“Haya. Usiniambie ilivyo nzuri. Niambie kibaya.”

Mhariri aliteseka waziwazi. Alisafisha koo, akapanga kalamu, akaitazama picha, akamtazama Naima, na akawa kama mtu anayejitosa mtoni kwa mara ya kwanza.

“Miguu,” alisema.

“Miguu ina nini?”

“Haipo.”

Naima alitazama. Msichana, maji mpaka magotini. Mama, maji mpaka magotini. Baba alikuwa kwenye tuta, mkavu, na mbele yake, kutoka mahali pasipojulikana, palikuwa pameota kichaka cha majani marefu, kimemfunika kuanzia ugoko kwenda chini. Alikuwa amechora kila jani kwa uangalifu mkubwa.

Esnath alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko.

“Ulikiona!” Naima alimwambia.

“Tangu rasimu ya kwanza.”

“Hukusema!”

“Ningekuambia na miguu wakati ule ungenifuata Iringa na panga. Mtu anamaliza mikono kwanza.”

Dastan, ambaye alikuwa amesema ukweli na jengo bado limesimama, alionekana kuchangamka. Akasema kitabu ni cha Naima kama ataleta baba mwenye miguu. Akasema pia, akiwa sasa amenogewa, kwamba tuta limekaa upande sana, na mbingu ile ni ya Mbeya, Rujewa mawingu hayako hivyo. Naima aliandika yote, meno yameumana, akashukuru kwa sauti iliyofanana na tusi.

Alifika dukani kesho yake, hajavua hata ushungi wa safari. Mzee Faraji alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Bibie alipomwona aliinua mikono yake yote miwili, kwa mazoea, akaishikilia hewani juu ya meza ya kukatia.

“Pumzika, Mama,” Naima alisema, na akavuta kigoda mbele ya baba yake. “Baba, vua viatu.”

“Tunakwenda kuswali? Bado adhana.”

“Hatwendi popote. Vua.”

Mzee Faraji alivua makobazi yake polepole, akayapanga, akaweka miguu yake mitupu juu ya sakafu, nyayo zilizopasuka, kidole kidogo kilichopinda kwa viatu vya ujana. Aliitazama kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu wa mbali.

“Nani amesema nini juu ya miguu yangu?” aliuliza. “Hasidi gani?”

“Usitikisike,” alisema Naima.